Milimita Tatu

Mimi mfupi, Heledd mrefu.
Ukitaka kujua ugomvi ulianzia wapi,
ulianzia hapo.

Baba alituachia gari moja la viti viwili,
jekundu, limelala chini kama paka anayevizia,
na wosia wa mstari mmoja: Mgawane wikendi.
Juu ya miguu yetu hakusema neno.

Jumamosi zake, Jumapili zangu.
Yeye anataka klachi ishike chini, karibu na zulia,
goti lake lipate pa kukunjukia.
Mimi nataka ishike juu, mguu ukianza tu kurudi,
maana nikiikanyaga mpaka mwisho
nateleza kitini, kidevu kinasalimiana na usukani.

Basi kila Jumapili, kabla ya chai,
naingia kichwa chini, miguu juu ya kiti,
tochi mdomoni, spana ya kumi na mbili mkononi,
mvua ya Dolgellau ikipiga bati la banda.
Nalegeza nati,
nazungusha kijiti cha pedali kwa vidole,
nusu mzunguko,
nusu tena,
nakaza. Nanawa. Naondoka.

Jumamosi ijayo yeye anakirudisha.

Hatukuwahi kulitaja.
Mezani kwa Mama tuliongea bei ya dizeli na kondoo wa jirani,
Heledd akinipa chumvi kwa adabu ya karani wa posta.
Lakini nati ilijua.
Pembe zake sita zikaanza kulika,
nami nikawa namsoma dada yangu kwa ncha ya kidole:
hapa alikaza kwa hasira,
hapa spana ilimponyoka akajikwaruza,
hapa aliiacha nusunusu, labda simu iliita,
labda alichoka nami.

Oktoba nikasema, leo nakomesha.
Nikazungusha, nikazungusha,
mpaka pedali ikasimama wima kama askari wa gwaride,
haichezi hata chembe.
Nikajiona fundi.

Kwenye mpando wa Bwlch yr Oerddrws
injini ikapiga kelele, gari halina habari.
Mshale wa mizunguko unapaa,
mawe ya ukuta yanapita kwa kujikokota.
Halafu ile harufu:
kucha iliyotupwa motoni.
Kondoo watatu wakanitazama bila huruma.

Nikampigia Heledd. Ningempigia nani mwingine?

Alikuja na gari lake la kazi, buti zimejaa tope.
Hakuuliza kitu.
Akapiga magoti kwenye lami iliyolowa,
akaigusa pedali kwa kidole kimoja, taratibu,
kama mtu anayepima homa.
"Haina pumzi," akasema.
"Umeikaba. Hata usipoikanyaga, yenyewe inajua imekanyagwa."

Lazima pawe na upenyo, akanieleza,
milimita tatu za bure, zisizofanya kazi yoyote,
kabla kijiti hakijaisukuma silinda.
Ndizo zinazoiachia klachi ishike kwa moyo mmoja.
"Baba alizipima kwa peni mbili zilizobebana."
"Hukuniambia."
"Hukuuliza."

Tukaiacha ipoe.
Kisha spana kwake, tochi kwangu,
upepo ukitupitia mabegani.
"Jaribu."
"Bado."
"Sasa?"
"Kidogo tu. Hapo. Hapana, rudisha."
Maneno mengi kuliko ya mwaka mzima,
na yote yalihusu nati.

Alipomaliza akajifuta mikono kwenye suruali,
akanitazama nilivyoning'inia ukingoni mwa kiti.
"Mto," akasema.
"Nini?"
"Weka mto mgongoni, Mererid."

Miaka mitatu.
Mto.

Upo sasa, wa kijani, nimeuchukua kwenye kochi la Mama.
Jumamosi Heledd huurusha nyuma ya kiti,
Jumapili nauokota.
Klachi inashika katikati, mahali ambapo
hakuna kati yetu anayepapenda sana.

Juzi nilipitisha mkono chini ya dashibodi, mazoea tu.
Nati ilikuwa imesogea.
Unywele mmoja, si zaidi, kuelekea kwake.

Sijairudisha.